Majina Mawili, Mtu Mmoja

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hufundishwa katika shule zetu za upili kama mfano wa methali zenye vina. Wanafunzi huikariri, huitungia sentensi, hupewa alama zao, kisha huisahau. Mwalimu mmoja wa Kiswahili katika shule ya umma mjini Machakos aliifundisha kwa muda wa miaka kumi na mmoja bila ya kushuku kwamba siku moja ingemgeukia yeye mwenyewe. Ilipomgeukia, haikuja kwa sauti ya mhenga. Ilikuja kwa maandishi kwenye skrini ya kompyuta, yakimwarifu kwamba kwa mwaka mzima wa 2024 yeye hakuwa na mapato yoyote, si ya mshahara wala ya biashara.

Jambo lenyewe lilianza Januari 2024. Mshahara wake ulikuwa shilingi 58,000 kwa mwezi kabla ya makato, na makato hayakuwa machache: kodi, bima ya afya, malipo ya uzeeni na mkopo wa chama cha akiba. Kilichosalia kilifika nyumbani kikiwa kimechoka. Basi yeye na mumewe wakakodi chumba kimoja karibu na kituo cha matatu, wakakitia rafu mbili, wakaanza kuuza madaftari, kalamu, kamusi na vitabu vya kiada vilivyokwisha kutumika. Mumewe alikaa dukani mchana. Mwalimu alimpokea saa kumi na moja jioni, akauza hadi saa mbili usiku huku akisahihisha insha juu ya meza ileile ya kuhesabia pesa.

Kabla ya kufungua duka alikwenda kutaka shauri kwa baba yake, mzee aliyestaafu na kuishi katika Milima ya Mua. Mzee huyo alikuwa karani wa serikali katika miaka ya sabini, na mwaka 1974 alifungua kinu cha kusagia mahindi.

"Mwanangu," mzee alimwambia, "kinu changu kiliandikwa kwa jina la mama yako. Mimi sikutaka kuonekana."

"Lakini Baba, si sheria ilikuwa imekuruhusuni makarani kufanya biashara?"

"Iliniruhusu. Macho ya wakubwa ndiyo hayakuniruhusu. Nawe ukitaka kulala usingizi, liandike duka kwa jina la mumeo."

Mzee hakuwa amekosea kuhusu ruhusa hiyo. Tume iliyoongozwa na Duncan Ndegwa, ambaye wakati huo alikuwa Gavana wa Benki Kuu ya Kenya, ilitoa ripoti yake mwaka 1971 na kupendekeza kwamba watumishi wa umma waruhusiwe kumiliki mali na kufanya biashara. Tangu hapo mwalimu mwenye duka, karani mwenye kinu na daktari mwenye matatu wamekuwa watu wa kawaida katika jamii yetu. Aidha, tangu hapo pia pamekuwa na lawama kwamba mpaka baina ya ofisi ya umma na duka la mtu binafsi ulianza kufifia. Ruhusa ilitolewa, lakini adabu ya ruhusa hiyo ikaachiwa kila mtu na dhamiri yake.

Mwalimu hakuufuata ushauri wa baba yake. Aliamua kwamba duka litaandikwa kwa jina lake, maana mtaji ulikuwa wake. Hata hivyo, hakutaka majina yake ya kuzaliwa yaandikwe juu ya mlango, wanafunzi wakaja kumcheka. Alitaka jina jingine. Hapo ndipo alipokutana na Sheria ya Usajili wa Majina ya Biashara, Sura ya 499 ya Sheria za Kenya. Kwa mujibu wa sheria hiyo, mtu anayefanya biashara kwa majina yake halisi, bila ya kuongeza neno, halazimiki kusajili jina la biashara. Anayejipa jina jingine sharti alisajili, ili umma uweze kujua ni nani aliye nyuma ya jina hilo.

Katika zama za baba yake, safari ya usajili ingeishia katika Jumba la Sheria jijini Nairobi. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na Huduma ya Usajili wa Biashara, asasi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, na maombi hupitia mtandao wa eCitizen. Mwalimu alipendekeza majina. La kwanza lilikuwa limekwisha kuchukuliwa na mtu mwingine. La pili likakubaliwa. Akalipa ada kwa simu, akapata cheti. Kisha akaenda katika ofisi ya kaunti kuchukua kibali cha biashara, ambacho hulipiwa kila mwaka na ambacho tangu ugatuzi uanze mwaka 2013 kimekuwa chini ya serikali za kaunti. Vyeti vyote viwili akavitundika ukutani. Alipovitazama aliona kwamba amemaliza kila kitu.

Mtu aliyesoma ushairi wa magazetini angeweza kumweleza mwalimu alipokuwa amesimama. Washairi wengi hujipa lakabu. Mmoja hujiita simba, mwingine ustadhi, mwingine mtoto wa mtaa fulani. Msomaji huijua lakabu na huenda asilijue jina la mwenyewe, lakini hakuna anayedhani kwamba malenga na lakabu yake ni watu wawili. Mmoja akishtakiwa kwa kukashifu, mwingine hawezi kusema hakuwapo. Jina la biashara ni lakabu ya namna hiyo. Halizai mtu mpya mbele ya sheria. Deni la duka ni deni la mwenye duka, na faida ya duka ni mapato yake. Kampuni ni jambo jingine: iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015 huwa ni mtu kisheria, yenye namba yake ya PIN inayoanza kwa herufi P. Mwenye jina la biashara tu hutumia PIN yake ileile aliyopewa alipoajiriwa, inayoanza kwa herufi A. Mwalimu alikuwa na majina mawili na PIN moja. Hilo hakulitilia maanani.

Kosa lake lilikuwa ni kosa la wengi walioajiriwa. Kodi ya mshahara, ile tuliyoizoea kwa jina la PAYE, hukatwa na mwajiri kabla ya mshahara kufika benki. Mwajiriwa haioni ikienda, hivyo huamini kwamba baina yake na Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA, hakuna mazungumzo yaliyosalia. Sheria hata hivyo humtaka kila mwenye PIN yenye wajibu wa kodi ya mapato awasilishe ritani ya mwaka uliopita kabla ya Juni 30 kwisha. Kila Juni mwalimu alikuwa akienda katika saiba moja mjini, akilipa shilingi mia mbili, na kijana wa hapo "anamfanyia." Hakuwahi kuuliza anamfanyia nini.

Mnamo Agosti 2025 alihitaji cheti cha kuthibitisha kwamba ametimiza masharti ya kodi. Muuzaji mmoja wa jumla alikuwa radhi kumpa vitabu kwa mkopo, lakini alitaka cheti hicho kwanza. Mwalimu alifungua iTax mwenyewe kwa mara ya kwanza. Ndipo alipoyaona yale maandishi. Kijana wa saiba alikuwa amemjazia ritani ya sufuri, ile inayowafaa watu wasio na mapato kabisa. Mwalimu aliyesimama darasani siku tano kwa juma na dukani jioni sita kwa juma alikuwa ameapa mbele ya serikali kwamba hana kazi.

Alikwenda katika kituo cha Huduma mjini akiwa na bahasha ya risiti na moyo mzito. Afisa aliyemhudumia alikuwa kijana wa umri wa wanafunzi wake wa zamani.

"Shikamoo, Mwalimu. Keti."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuungama."

Kijana akacheka, akazipokea karatasi. Baada ya kuzisoma kwa kitambo alisema, "Mshahara wako umekwisha kukatwa kodi, hilo ni kweli, na fomu ya P9 kutoka kwa mwajiri wako inaonyesha. Lakini duka lako nani alilikata?"

"Nilisikia kodi ya maduka madogo huanzia mauzo ya milioni moja. Mimi sijafika huko."

"Kodi ya mauzo ghafi ndiyo huanzia hapo, Mwalimu. Aliye chini ya hapo hakusamehewa. Amerudishwa katika kodi ya kawaida ya mapato, pamoja na mshahara wake."

Maneno hayo yanastahili kufafanuliwa, kwa kuwa ndipo wengi wanapojikwaa. Tangu Julai 2023, mfanyabiashara mkaazi ambaye mauzo yake kwa mwaka yanazidi shilingi milioni 1 na hayapiti milioni 25 hutozwa kodi ya mauzo ghafi ya asilimia 3. Kodi hiyo hulipwa kila mwezi, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hutozwa kwa mauzo yote, faida iwepo isiwepo, na ikishalipwa imekwisha. Mapato hayo hayaunganishwi tena na mshahara. Anayeona kwamba utaratibu huo unamwumiza anaweza kumwandikia Kamishna akaomba atozwe kwa faida badala ya mauzo. Kodi hiyo pia haigusi kila kazi: kodi ya nyumba za kupangisha ina utaratibu wake, na ada za kitaalamu na za mafunzo zimeachwa nje. Nao ushuru wa ziada ya thamani, VAT, humlazimu mtu kujisajili pindi mauzo yake ya bidhaa zinazotozwa ushuru huo yanapofika milioni 5 kwa mwaka.

Mwalimu alikuwa chini ya ngazi hizo zote. Mauzo yake ya mwaka 2024 yalikuwa shilingi 640,000. Kwa hiyo alihesabiwa kwa njia ya kawaida: mauzo, toa gharama, baki ni faida. Faida hiyo huwekwa juu ya mshahara kama tofali juu ya tofali, na hutozwa kwa kiwango cha tofali la juu. Kwa viwango vilivyoanza kutumika Julai 2023, shilingi 24,000 za kwanza za mwezi hutozwa asilimia 10, shilingi 8,333 zinazofuata asilimia 25, na zinazozidi hapo asilimia 30 hadi 500,000. Mshahara wake ulikuwa umekwisha kuzijaza ngazi mbili za chini. Kila shilingi ya duka iliingia moja kwa moja katika asilimia 30. Nafuu ya shilingi 2,400 kwa mwezi ilikuwa imekwisha kutumiwa kwenye mshahara, na haitolewi mara ya pili. Nafuu ni ya mtu, na mtu ni mmoja.

Gharama zake halisi zilikuwa 550,000. Lakini tangu Januari 1, 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, kwa kawaida haikubaliwi katika hesabu ya kodi. Mwalimu alikuwa amenunua bidhaa za shilingi 30,000 kwa wauzaji waliompa vijikaratasi vilivyoandikwa kwa mkono, na vingine havikuandikwa kitu. Pesa zilikuwa zimetoka kweli, lakini hazikuwa na shahidi. Gharama zilizokubaliwa zikawa 520,000, na faida ikawa 120,000 badala ya 90,000. Kodi yake ilikuwa shilingi 36,000. Kati ya hizo, 9,000 alizilipia vijikaratasi.

Tena palikuwa na tarehe asiyoijua. Ritani huwasilishwa hadi Juni 30, lakini kodi iliyosalia hupaswa kulipwa kufikia Aprili 30. Anayengoja Juni ili alipe amekwisha kuchelewa. Kwa kuchelewa huko alitozwa adhabu ya asilimia 5, yaani 1,800, na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi. Kwa miezi minne riba ilifika 1,440. Jumla ya yote ikawa 39,240. Laiti kodi ya mwaka ingalipita 40,000, afisa alimweleza, angepaswa kuanza kuilipa kwa mafungu manne mwaka uo huo, Aprili, Juni, Septemba na Desemba.

Sheria ilimruhusu kuirekebisha ritani yake, naye akairekebisha pale pale mezani. Pesa alizipata kwa kuuahirisha mkopo wa vitabu na kuchukua mwingine katika chama cha akiba. Mwaka mzima wa kusimama dukani jioni ulikuwa umemwachia, baada ya kodi, adhabu na riba, shilingi 50,760. Aliporudi nyumbani usiku huo alimwambia mumewe kiasi hicho bila ya kuketi.

Inawezekana kwamba habari hii ingekoma hapo, ikawa ni habari ya mtu aliyeadhibiwa akajifunza. Lakini mtihani mkubwa ulikuja mwezi uliofuata, na haukuwa wa hesabu. Mkuu wa shule alimwita ofisini. Shule ilihitaji madaftari ya muhula mzima.

"Mwalimu, wewe ni wetu," alisema mkuu. "Kwa nini tumpe mgeni riziki ilhali mwenzetu ana duka? Na kama unaona haya, andikisha jina jingine la biashara, la mumeo. Nani atajua?"

Oda hiyo moja ingeyapeleka mauzo ya mwaka kupita milioni moja. Ingeulipa mkopo wa chama cha akiba. Mwalimu aliomba siku mbili za kufikiri. Katika siku hizo alizikumbuka hekima za baba yake kuhusu kinu kilichoandikwa kwa jina la mama. Mama yake alikufa akijulikana na kijiji kizima kuwa mwenye kinu, na hakuwahi kushika hata siku moja ufunguo wa sanduku la pesa.

Sheria nayo ilikuwa na la kusema. Mwalimu wa shule ya umma si afisa wa dola kwa maana ya Katiba ya 2010. Kile kifungu cha 77 kinachowakataza maafisa wa dola walioajiriwa kwa muda wote kufanya kazi nyingine ya kipato hakimfungi. Yeye ni mtumishi wa umma, na anaweza kuwa na duka. Lakini Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 huikataza asasi ya umma kuingia katika mkataba wa ununuzi na mwajiriwa wake. Zaidi ya hayo, Sheria ya Mgongano wa Maslahi, iliyotiwa saini Julai 2025 na kuchukua nafasi ya Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma ya mwaka 2003, humtaka mtumishi asiiweke faida yake, wala ya jamaa yake wa karibu, njiani mwa wajibu wake. Jina la mumewe lisingebadilisha lolote. Lakabu ya pili ingekuwa ni uongo juu ya lakabu ya kwanza.

Alirudi ofisini siku ya tatu. "Mkuu, nashukuru kwa kunifikiria," alisema. "Shule itafute muuzaji mwingine. Mimi nitaendelea kuwauzia wazazi mmoja mmoja, kwa bei iliyo kwenye rafu." Mkuu alinyamaza, kisha akazungumzia ratiba ya mitihani. Tangu siku hiyo salamu zao zimekuwa fupi.

Ipo faida moja ambayo mwalimu aliipata, na huenda ikawapendeza wapenzi wa Kiswahili. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 humwagiza mlipakodi aziweke kumbukumbu zake katika mojawapo ya lugha rasmi na azihifadhi kwa miaka mitano. Katiba, katika kifungu cha 7, inazitaja lugha rasmi za nchi kuwa ni Kiswahili na Kiingereza. Kwa hivyo mwalimu alinunua dukani mwake mwenyewe daftari kubwa lenye jalada gumu, akalichora safu kwa rula na kuziandika vichwa kwa Kiswahili: tarehe, bidhaa, mauzo, gharama, namba ya ankara, salio. Kila jioni huandika kabla ya kufunga mlango. Kila mwisho wa mwezi hulilinganisha na taarifa ya M-Pesa. Risiti isiyo na namba huirudisha kwa muuzaji. Wengi wetu husema kwamba Kiswahili hakijafika katika mambo ya fedha na sheria. Katika jambo hili sheria imekwisha kufungua mlango, na wasioingia ni sisi.

Desemba 2025 alilichukua daftari hilo akaenda nalo Mua. Mzee alivaa miwani yake akalisoma ukurasa kwa ukurasa, kidole kikitembea juu ya safu kama kilivyotembea zamani juu ya majalada ya serikali. Alifika katika ukurasa wa Agosti, palipoandikwa kodi 36,000, adhabu 1,800, riba 1,440. Akatua hapo kwa muda mrefu.

"Wamekuumiza, mwanangu."

"Nilijiumiza, Baba. Mwaka huu nitalipa kabla ya Aprili 30."

Mzee alilifunga daftari na kulitazama jalada. Juu yake palikuwa na jina la duka, na chini ya jina la duka palikuwa na majina matatu ya mwalimu, kwa herufi kubwa, kwa wino uleule. Wahenga walinena pia kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mapato ya mtu yanaweza kutembea kwa majina mengi, lakini mwisho wa mwaka hurejea katika jahazi moja. Mzee alimrudishia bintiye daftari, akamuuliza kama dukani kwake bado yapo mengine ya namna hiyo, kwa maana alitaka kuandika habari za kinu.